Katoto ka bata kamoja

Mwezi huu tuongee juu ya bata.

Bata wetu, wa ile aina yenye nyama nyekundu usoni, alilalia mayai siku 35. Ule usiku wa kutotoa, mbwa aliingia katika parsele, akaua mama na watoto wote waliokwisha kutoka. Asubuhi tulikuta yai moja tu, limepasuka kidogo, na ndani yake sauti inalia.

Mimi nilitaka kulitupa. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka kumi, akalikamata mikononi. Alikuwa amekuja kukaa kwetu tangu miezi miwili, nyuma ya kifo cha mama yake. Alikuwa mtoto wa kunyamaza. Jioni katoto kakatoka, na wa kwanza kumwona alikuwa yeye.

Tukakaweka ndani ya katoni. Kakakula, kakapata joto. Lakini usiku kakalia sana. Kijana akaniuliza: «Baba mudogo, aka katoto katalala na nani?» Nikamjibu: «Kamekula, inatosha.» Yeye akaingiza mkono katika katoni, na mara moja kakanyamaza.

Mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1973, alieleza vizuri jambo hili. Watoto wa bata wanapotoka katika yai wanashika upesi sura ya kile kinachotembea mbele yao. Wanakifuata kama mama, hata kikiwa mtu.

Ninyi vijana, mkipata katoto kamoja namna hii, shikeni haya:

Kwanza, joto. Usiku wa mwezi wa sita kwetu ni baridi kali. Hapana kufunga mbabula ya makala ndani ya chumba: hewa yake inaua bata, inaua na watu. Tieni maji ya moto katika chupa, mkaifunge kitambaa, na kuyabadilisha usiku. Kakitetemeka, kanasikia baridi. Kakifungua mdomo na kuhema, joto limezidi.

Pili, maji. Sahani iwe na maji ya kuosha mdomo na pua, si ya kuogelea. Katoto kasiko na mama hakana mafuta ya mama juu ya manyoya. Kakilowana sana kanakufa kwa baridi.

Tatu, chakula. Unga wa mahindi peke yake hautoshi. Unakosa vitamini inayoitwa niasini, na miguu inalegea. Changanyeni unga na samaki mkavu aliyesagwa na karanga kidogo, zisizo na ukungu. Ongezeni majani mabichi yaliyokatwa kabisa.

Nne, wenzake. Hili ndilo ninyi na mimi tunalisahau. Mtu anaenda masomo, anaenda kazini, anaenda kanisani. Katoto kanabaki kulia. Ombeni jirani watoto wa bata wa umri uleule.

Siku ya kumi na moja mama jirani alitupatia wawili. Kwanza ketu kalikimbia kurudi mguuni kwa kijana. Tuliangalia wasiumizane. Siku ya tatu wote watatu walilala pamoja, shingo juu ya shingo.

Usiku ule nilimkuta kijana ameketi karibu na katoni. «Sasa haniite tena,» akasema. Hakulia, lakini sauti yake ilinichoma. Nikajiuliza: mtoto huyu tulimpa bukari, blanketi na chumba chake peke yake. Nani aliingiza mkono katika katoni yake?

Niliketi naye chini. Kwa mara ya kwanza akanisimulia habari za mama yake, mpaka makala ikazimika. Kesho yake alihamisha mukeka katika chumba cha wavulana wangu. Sasa wanagombana, wanacheka, na mimi ninawakaripia wote pamoja.

Wazazi, katika nyumba nyingi zetu kuna mtoto aliyekuja kutoka kwa ndugu. Msiulize tu kama amekula. Leo jioni, ketini naye.

Tutaonana mwezi ujao.

Mchungaji wenu