Kisangani: Mwanamke aliyehama vita akipigwa na bwana yake, aende kwa nani?

Toka mwezi wa pili 2023, Wambole na Walengola walipoanza kuuana juu ya ardhi katika komini ya Lubunga na vijiji vya karibu, maelfu ya watu walikimbia makwao. Walilala ndani ya shule, makanisa, na nyumba za jamaa. Baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, Januari 2025, wengine wakaja hapa kutoka Kivu. Wanawake wanapofika huulizwa nani alichoma nyumba, na nani alikufa. Ni mara chache wanaulizwa kama mtu waliyekimbia naye anawapiga.

Najua jibu la wengi: mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani. Lakini nyumba iko wapi? Kijijini, bwana akizidisha, mwanamke alikimbilia kwa wajomba au kwa mama mkwe mwenye busara. Wazee walikaa, wakamtoza mwanaume mbuzi, na yeye aliona haya mbele ya watu. Sisemi kwamba kijijini kulikuwa na heri. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wanawake 52 kwa 100 wamepigwa toka wafikishe miaka 15, na 75 kwa 100 walikubali kwamba kuna sababu za bwana kumpiga mke. Hata hivyo, kule kulikuwa na mlango wa kugonga. Hapa wazee wametawanyika, na darasa linalolaza familia nyingi limegawanywa kwa vitenge na shitingi tu. Kila mtu anasikia. Asubuhi kila mtu anaenda kuchota maji kama hakusikia kitu.

Tunaambiwa pia kwamba ni umaskini: mwanaume amepoteza shamba, hana kazi, anakunywa lotoko. Taabu ni ya kweli. Lakini mwanaume huyo huyo akitukanwa na askari barabarani ananyamaza. Akidaiwa na mwenye duka anaomba msamaha. Anajua vizuri sana nani wa kupiga na nani wa kuogopa, hata akiwa amelewa. Na mke wake, aliyepoteza shamba lile lile, ndiye anayefua nguo za watu ili watoto wale.

Kuna jambo moja ambalo mikutano ya amani inaliruka. Wambole na Walengola wameoana muda mrefu. Vita vilipoanza, kuna mwanamke aliyegeuka adui ndani ya kitanda chake. Anapigwa kwa sababu ndugu zake wamesemekana kuua upande wa bwana. Akitaka kurudi kwao, hawezi kupita. Na mahari ilikwisha kuliwa, nani atairudisha wakati huu? Mwanamke huyo ni majeruhi wa vita, au yake ni mambo ya nyumba?

Mji huu unajua kudai haki ya majeruhi. Kwa vita vya siku sita vya Juni 2000 na madhara mengine, Uganda iliamriwa na mahakama ya The Hague, mwaka 2022, kulipa Congo dola milioni 325. Ni vizuri. Ila mkono uliovunjwa na bwana hauna daftari lolote.

Sheria si tupu kabisa. Kupiga mtu ni kosa katika sheria ya makosa ya jinai, na hakuna pahali ilipoandikwa kwamba mke si mtu. Sheria ya familia ilirekebishwa 2016, na mke haombi tena ruhusa ya bwana ili aende mahakamani. Lakini mwanamke wa Lubunga lazima alipe mtumbwi avuke mto, kisha atafute karatasi ya daktari, na watoto wabaki na nani? Yule wa Goma anasema Kiswahili, anakuta polisi wa Kilingala, na anayejitolea kumtafsiria anaweza kuwa shemeji yake, ndugu wa bwana.

Kwa hiyo tuanze na vitu vidogo vinavyowezekana. Kila mtu mzima apewe kadi yake ya msaada, mke asiwe jina chini ya kadi ya bwana. Pale wanapopokelewa awepo mwanamke anayesema lugha zao, na aongee nao peke yao, bwana akiwa mbali. Karatasi ya daktari iwe bure kwao. Na wachungaji wetu, ambao nawaheshimu, waache kupatanisha watu kabla jeraha halijaonwa na muuguzi.

Mkutano mwingine wa amani ukiitishwa, machifu watapewa viti vya mbele kama kawaida. Wanawake walioolewa ng'ambo ya kabila lao waitwe pia, na wasikilizwe kabla mabwana zao hawajaingia.