Bima ya gari ikifutwa, mwenyewe apewe rekodi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wameuzingatia usemi huu kwa kuandika lita za maziwa, magunia ya viazi na madeni ya wateja. Lakini kuna daftari moja ambalo wengi wao hawajawahi kuliona, ilhali linaweza kuwapokonya shamba. Hilo ni rekodi ya bima ya gari iliyofutwa kabla ya muda wake kuisha.

Chukua mfano wa mkulima wa viazi wa Ol Kalou mwenye pikapu ya kupeleka mazao sokoni Nairobi. Hana uwezo wa kulipa bima ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na sheria ya bima haikubali kampuni ibebe hatari kabla ya kulipwa. Kwa hivyo benki inamlipia, naye anairejeshea pesa zake kila mwezi. Viazi vikiwa vingali shambani na pesa zote zimeishia kwa mbegu, mbolea na dawa, awamu mbili zinapita bila kulipwa. Benki inaiomba kampuni ifute bima na kurudisha kiasi kilichosalia ili deni lipungue.

Mkataba wa kawaida wa bima ya gari huiruhusu kampuni kuifuta kwa ilani ya siku 7, inayotumwa kwa barua ya rejista hadi anwani ya mwisho ya mteja inayojulikana. Anwani hiyo huenda ikawa sanduku la posta la shule au kanisa ambalo mwenye gari aliacha kulitumia miaka mingi iliyopita. Kwa kampuni, kazi imekwisha, kwa kuwa barua imetumwa na risiti ya posta imo kwenye faili. Kwa mkulima hakuna kilichobadilika. Karatasi iliyo kwenye kioo cha mbele ingali inaonyesha kwamba bima itaisha Desemba, naye anaendelea na safari zake za sokoni.

Huenda akaujua ukweli siku atakapomgonga mwendeshaji bodaboda. Majeruhi atadai fidia, na kesi itageuka kuwa mabishano ya tarehe. Bima ilifutwa lini? Nani alijulishwa? Cheti kilikuwa wapi siku ya ajali? Majibu yatatafutwa kwenye rekodi ambayo imeandikwa na kuhifadhiwa na upande mmoja tu.

Waliotunga sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, waliliona tatizo hili. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kufuta bima peke yake hakutoshi kuiondolea kampuni mzigo wa kumlipa aliyeumizwa. Mwenye gari anatakiwa kurudisha cheti kwa kampuni katika muda wa siku 7, au aape kisheria kwamba kimepotea au kimeharibika. Nia ilikuwa kuhakikisha kwamba karatasi isiyo na nguvu haibaki barabarani ikiwahadaa watu.

Mpango huo ulifaa wakati cheti kilikuwa karatasi moja yenye nambari yake. Siku hizi vyeti vya bima nchini hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa Muungano wa Kampuni za Bima, AKI. Karatasi inayoweza kuchapishwa hata mara 10 haina faida kurudishwa. Kilicho na uzito sasa ni yale yaliyoandikwa kwenye mfumo. Uingereza, ambako sheria ya Kenya ilichota mfano wake, iliondoa wajibu wa kurudisha cheti mwaka 2015. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu tayari ilikuwa na hifadhi moja ya taarifa za bima za magari, ambayo polisi huitumia na ambayo mwenye gari anaweza kuitazama kujua kama gari lake limo.

Kujua kuwa cheti ni halali au si halali ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Sababu ya kufutwa nayo ni pesa. Tuseme bima ya mwaka ni Sh36,000, na inafutwa baada ya miezi 3. Kampuni ikiifuta yenyewe, kwa kawaida hukata gharama ya muda uliotumika tu, na Sh27,000 hurudishwa. Mteja akiifuta kwa hiari yake, hukatwa kwa viwango vya muda mfupi ambavyo ni vya juu zaidi, na kinachorudi hupungua. Je, benki inapoomba bima ifutwe, ombi hilo huandikwa kwa jina la nani?

Tena, fomu za kuomba bima mpya huuliza iwapo kuna kampuni iliyowahi kumfutia mwombaji bima. Mkulima ambaye hakupata barua atajibu "la" kwa nia njema. Rekodi ikisema "ndiyo", anaweza kunyimwa fidia siku atakayoihitaji.

Kampuni nazo zina hoja yao. Wapo watu wanaochukua cheti, wanafuta bima ili warudishiwe pesa, kisha wanaendelea kuendesha gari kwa karatasi ile ile. Kampuni isiyo na rekodi thabiti italipia ajali za watu hao, na gharama itawaangukia wateja waaminifu. Hata hivyo, rekodi inayoikinga kampuni dhidi ya walaghai ndiyo inayoweza kumkinga mkulima pia, mradi naye aione.

Mamlaka ya kusimamia bima, IRA, inafaa kuagiza kwamba kila bima inayofutwa iandikiwe siku na saa, aliyeomba ifutwe, sababu, jinsi mteja alivyojulishwa na hesabu ya pesa zinazorudishwa. Nakala itumwe kwa simu ya mteja siku iyo hiyo. Kampuni inayopokea malipo kwa M-Pesa haiwezi kudai kwamba haijui nambari ya mteja wake.

Mkulima naye asingoje. Aiandikie kampuni kuipa nambari yake ya simu na anwani anayotumia sasa, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Na kabla ya kutia sahihi mkopo wa bima, aombe awamu zipangwe kulingana na msimu wa mavuno. Muuza maziwa anaweza kulipa kila mwezi, lakini mkulima wa viazi hulipwa anapovuna.