Bata Dume na Bata Jike: Mizani Ndiyo Hakimu



Aila nyingi za mwambao wetu hufuga bata wale wenye nyama nyekundu usoni, wasio na kelele. Mnunuzi afikapo uani hutaja bei moja kwa kila kichwa, kisha huchagua wakubwa. Leo twapenda kuipima bei hiyo.

Katika bata wa aina hii, dume humpita jike kwa mbali. Dume aliyekomaa hufikia kilo 4 hadi 6, ilhali jike aghalabu huwa na kilo 2 hadi 3. Jike hukomaa mapema na kukua kwake hupungua kasi afikapo wiki 10 hivi. Dume huendelea kujaza kidari na mapaja hata baada ya hapo. Akishachinjwa, akanyonyolewa na kutolewa matumbo, bata hubakiwa na takribani theluthi mbili za uzani wake, awe dume au jike. Basi dume wa kilo 4 na nusu hutoa kilo 3 za nyama pamoja na mifupa, na jike wa kilo 2 na robo hutoa kilo 1 na nusu. Auzaye wawili hao kwa bei moja ametoa sadaka asiyoinuia.

Hesabu hii haiwahusu bata wote. Kwa bata weupe wa Pekin, dume na jike hukaribiana kwa uzani.

Hata hivyo, jike asidharauliwe kwa wepesi wake. Yeye ndiye atagaye, huatamia siku 35, kisha hulea vifaranga. Dume mmoja hutosha majike wanne au watano. Madume wa ziada ndio wa chungu na wa soko.

Kwa mama wengi, fedha ya bata ndiyo ya daftari za watoto na ya dawa ya ghafla. Kwa hivyo twawausia: bata apimwe kwa mizani mbele ya muuzaji na mnunuzi, na bei itajwe kwa kilo. Surat Al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo, na haki hiyo haianzi dukani tu. Huanzia uani petu.

Wabillahi tawfiq.