Uzayuni ni siasa ya taifa, si jina jingine la dini

KILA vita vinapozuka Gaza, mijadala huwaka vijiweni jijini Dar es Salaam, kuanzia Kawe hadi Temeke. Katika mijadala hiyo, Uyahudi, Israel na Uzayuni huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo upotoshaji huanzia.

Uyahudi ni dini na asili ya watu. Israel ni dola lililotangazwa Mei 14, 1948. Uzayuni ni harakati ya kisiasa iliyoundwa rasmi mjini Basel, Uswisi, mwaka 1897, chini ya mwandishi wa habari Theodor Herzl. Hoja yake ni kwamba Wayahudi ni taifa, na hawatakuwa salama bila kuwa na nchi yao. Wapo Wayahudi wanaoipinga hoja hiyo, kama walivyopo Wakristo wanaoiunga mkono.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa kipimo cha harakati hizo. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa Kishinev, katika dola ya Urusi, Uingereza ilijitolea kuwapa makazi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, ambao sasa uko Kenya. Jambo hilo lilipofikishwa kwenye mkutano mkuu, wapinzani wakubwa walikuwa wajumbe kutoka Urusi yenyewe, ambako hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Kumbe Uzayuni haukutafuta hifadhi tu, bali nchi moja mahususi, Palestina, ambako Waarabu walikuwa wengi.

Katika mpango wa Uasin Gishu, Wanandi na Wamasai hawakuulizwa. Mwaka 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza, na kuanzia 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa ardhi huko.

Tanzania nayo imepima pande zote mbili. Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na makao makuu Mlalakuwa, si mbali na Kawe, lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa wataalamu wa Israel. Uhusiano ulivunjika mwaka 1973 kutokana na vita na ardhi ya Waarabu iliyotekwa. Mwaka 1975 Tanzania iliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa lililouita Uzayuni aina ya ubaguzi wa rangi. Lilipofutwa mwaka 1991, haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1995, na ubalozi ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018.

Suala hili si la mbali. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023.

Anayetaka kuukosoa Uzayuni, au kuutetea, auhukumu kama siasa nyingine za utaifa: kwa haki inayowatafutia watu wake, na kwa haki inayowapa au kuwanyima waliokuwapo kwenye ardhi hiyo. Kumchukia jirani kwa sababu ya dini yake hakujibu hata moja kati ya hayo mawili.