Programu za Mnada wa Mazao Ziwe Wazi



Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu minada ya mazao kwa kompyuta.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005. Siku hizi mkulima wa ufuta hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na wanunuzi hushindana bei kwa intaneti kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mwaka 2024 hata korosho za kusini ziliuzwa hivyo. Hatua hii inampunguzia mkulima adha ya walanguzi na lumbesa zao.

Lakini mizani mkulima huiona kwa macho, programu haioni. Darasani kwangu, mwanafunzi akileta jibu la hesabu bila njia, simpi alama zote. Bei ya mnada nayo ionyeshe njia.

Napendekeza programu yoyote ya mnada inayogharimiwa na fedha za umma iwe huria, yaani maandishi yake ya ndani yatolewe ili wataalamu wa vyuo vyetu na wana ushirika wayakague. Zabuni za wanunuzi zibaki siri mpaka mnada ufungwe. Jambo hili si geni: Wizara ya Afya hutumia DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za zahanati.

Hata hivyo huria si bure. Zitengwe fedha kila mwaka za kuwalipa watunzaji wake, la sivyo itakufa kama trekta lililokosa vipuri.

Mkulima akijua bei yake ilivyopatikana, hatauza usiku kwa mlanguzi.

Mwalimu,
Shule ya Msingi,
Mlali, Morogoro.