Fimbo Isiyofika Viti vya Mbele

Kuna msemo ambao wazee wa makanisa yetu, kuanzia Kenol hadi Nyeri, wanaupenda sana: mwachie Mungu, atamrudi mwenyewe. Lakini sikiliza vizuri, hausemwi kwa kila mtu. Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, hakuna anayemwachia Mungu. Anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa maswali ambayo hata daktari hangeuliza, anatengwa na Meza ya Bwana na kupelekwa benchi la nyuma. Mama anayepika pombe ili alipe karo anaondolewa kwenye chama cha akina mama. Hapo nidhamu ni mbio mbio. Mungu anaachiwa kazi siku ile tu ambapo mkosaji ni mheshimiwa na amekuja na bahasha.

Tukumbuke yaliyotokea hapa Kenol. Jumapili, tarehe 4 Oktoba 2020, William Ruto, wakati huo akiwa Naibu wa Rais, alikuwa anatarajiwa kwenye harambee ya kanisa la AIPCA. Kabla hajafika, makundi hasimu ya vijana yalikabiliana. Mawe yakarushwa, matairi yakachomwa barabarani, polisi wakarusha vitoa machozi. Watu wawili wakafa. Na harambee ikaendelea.

Sisemi waumini wa kanisa lile ndio walioleta fujo. Wao walitaka kujenga. Kazi ya kumtafuta mwenye hatia ni ya polisi na korti. Swali langu mimi ni la kanisani. Katika sehemu hii ya nchi ni vigumu kumpata kijana ambaye hakupitia shule ya Jumapili, na ni vigumu zaidi kumpata mwanasiasa asiyejiita Mkristo. Kwa hivyo waliorusha mawe ni wetu, na kama kulikuwa na mkono uliowatuma, huo mkono nao hushika kikombe cha Bwana mahali fulani. Je, ni nani aliyepelekwa benchi la nyuma kwa ajili ya wale wawili?

Kiswahili cha kanisani kina neno zuri: kurudi. Kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili arejee njiani. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Mungu huwarudi wanawe, na kwamba asiyerudiwa si mtoto halali wa nyumba hiyo. Fikiria maana yake. Kanisa linapomkwepa mheshimiwa kwa kumwogopa, linafikiri limempa heshima. Kumbe limemwambia, wewe si mwana wa humu, wewe ni mgeni mwenye pesa. Yule binti wa benchi la nyuma, pamoja na uchungu wote aliotiwa, angalau alihesabiwa kuwa mtoto wa nyumba.

Tena tazama ni dhambi gani iliyoadhibiwa vikali kanisa lilipokuwa bado changa. Si mimba. Ni mchango. Anania na Safira waliuza shamba, wakaficha sehemu ya bei, wakaleta iliyobaki wakijifanya wameleta yote. Petro hakuwapigia makofi wala hakuwapa maikrofoni wasalimie watu. Aliwauliza habari za ile pesa, na wote wawili wakaanguka wakafa. Kabla yao kulikuwa na Eli, kuhani aliyejua kwamba wanawe wanapora sadaka. Aliwakanya kwa maneno, lakini hakuwazuia. Wanawe walikufa siku moja vitani, Sanduku la Agano likatekwa, na yeye akaanguka kutoka kitini pake akafa. Adhabu ilimfikia yeye pia, mzee aliyenyamaza.

Utaniambia, ndugu, mabati hayanunuliwi kwa maombi. Kweli. Lakini jibu liko katika historia ya hilo hilo kanisa la AIPCA. Lilitokana na watu waliotengana na wamisionari, hasa baada ya mzozo wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929. Unaweza kupinga walichokitetea, mimi napinga. Lakini walijenga. Walichangishana mifukoni mwao, na kutoka vuguvugu hilo hilo kikaja chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, kwa michango ya marika. Serikali ya kikoloni ilipofunga shule zao wakati wa Hali ya Hatari, ilifunga vitu vya watu maskini ambao hawakumsubiri mheshimiwa yeyote. Wajukuu wao leo tunashindwa na paa?

Wako viongozi waliojaribu. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa ambazo Rais alizitoa katika kanisa Katoliki la Soweto zirudishwe. Kurudi na kurudisha, maneno ndugu. Hiyo ndiyo nidhamu: haimtukani mtu, inamrudishia bahasha yake na kumwacha na dhamiri yake.

Lakini agizo la askofu halitoshi kama mzee wa parokia bado anampigia mheshimiwa simu Jumamosi usiku. Na wazee wakikataa, Mungu hakosi fimbo. Manabii walisema wazi kwamba aliwahi kuwatumia hata Wababeli. Machi 2025, baada ya Rais kutangaza shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, vijana waliandamana hadi karibu na kanisa lenyewe. Tuliwaita watovu wa adabu. Mimi nawaona kama fimbo iliyotoka nje kwa sababu ya ndani tuliifungia kabatini.

Kwa hivyo nasema hivi kwa wazee wetu. Kama kuna benchi la nyuma, basi liwe la wote. Pesa ya harambee isomwe hadharani, imetoka wapi na kwa nani, na ile yenye damu au wizi irudishwe. Kama hamwezi kumwita mheshimiwa mbele ya kikao, basi msimwite yule binti pia.