Huna Nafasi, au Umeiuza?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, liko neno moja ambalo limekuwa ngao ya Waislamu wa zama hizi. Mwite mtu darsani baada ya Magharibi, atakujibu: "Ustadh, sina nafasi." Muulize lini mara ya mwisho aliufungua msahafu nje ya mwezi wa Ramadhani: "Nafasi, ustadh, nafasi!" Muulize kwa nini Alfajiri msikiti una safu moja na nusu, ilhali Ijumaa watu hutandika mikeka hadi barabarani. Jibu ni lile lile. Neno hili limetamkwa mara nyingi mno hata wanaolitamka wameliamini. Sisi hatuliamini.

Kwanza, swala haiombi nafasi kwa mtu. Aya ya 103 ya Surat An-Nisaa imebainisha kuwa swala ni fardhi iliyowekewa nyakati zake. Wakati wa Adhuhuri si mali yako ukaamua kumkatia Mola wako kipande, kama mtu anayemmegea jirani mkate. Anayesema "nitaitafutia swala nafasi" amepindua mambo: ameifanya biashara kuwa mwenyeji na swala kuwa mgeni wa kusubirishwa mlangoni. Na itazameni aya inayoitangulia hiyo, ya 102. Inafundisha namna jeshi la Waislamu linavyoswali jamaa mbele ya adui: kundi moja husimama nyuma ya Mtume (s.a.w.), jingine hulinda, kisha hubadilishana, na silaha wanazo. Watu ambao adui angeweza kuwavamia wakiwa katika sijda hawakuambiwa waahirishe. Muuza nguo wa Kariakoo ana adui gani? Anasema: "Mteja ataondoka."

Hofu hiyo ya mteja si ngeni. Mtume (s.a.w.) alikuwa Ijumaa moja na watu wake msikitini Madina, ukaingia msafara wenye chakula. Watu wakaukimbilia, wakabaki naye watu 12 tu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Ndipo ikashuka aya ya mwisho ya Surat Al-Jumua. Wale walifunzwa wakafunzika. Wala sura hiyo haikumnyima mtu riziki: imeamrisha biashara iachwe panapoadhiniwa, na swala ikimalizika watu watawanyike wakatafute fadhila za Mola wao. Tunazungumzia robo saa, na duka linalofungwa kwa robo saa halijawahi kufilisika kwa sababu hiyo.

Tupige hesabu, maana wafanyabiashara huzipenda. Msahafu wa chapa ya Madina, uliojaa katika misikiti yetu, una kurasa 604. Mtu akiusoma pamoja na tafsiri ya Kiswahili, akaupa kila ukurasa dakika 5, atahitaji dakika 3,020, yaani saa 50 na dakika 20 kwa Qur'ani nzima. Klabu moja ya ligi kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 kwa msimu. Kila mechi ni dakika 90, ukiacha mapumziko na ukiacha ubishi unaofuata barazani. Jumla yake ni saa 57. Basi huyu asiye na nafasi amepata nafasi ya kuwatazama vijana 11 kwa saa nyingi kuliko zinazomtosha kuisoma Qur'ani na maana yake kutoka Al-Fatiha hadi An-Nas. Na hiyo ni klabu moja. Wako wanaofuata tatu, na Simba na Yanga hatujazigusa.

Msitufahamu vibaya. Hatukusema mpira ni haramu. Suala hilo lina mlango wake. Tunasema juu ya wakati. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi zinazochezwa huko Jumamosi alasiri huanza saa 12 jioni kwa saa zetu, na jua la Dar es Salaam huzama kabla ya saa 1. Kwa hiyo Magharibi huadhiniwa mpira ukiwa kipindi cha kwanza. Pita karibu na kibanda umiza chochote muda huo: muadhini anaita, na waliojazana ndani ni akina Juma, Rajabu na Ramadhani. Wanaojitahidi husubiri mapumziko, wakadonoa rakaa tatu kama kunguru, wakarudi kwenye viti vyao. Mechi za katikati ya wiki za klabu bingwa ya Ulaya humalizika saa 6 usiku, pengine saa 7. Muadhini wa Alfajiri atamwamsha nani?

Hata hivyo swala, pamoja na upungufu wetu, bado ina muadhini wa kuigombea mara tano kwa siku. Qur'ani haina. Sisi tumeigawa mafungu mawili: fungu la watoto na fungu la maiti. Mtoto huisoma madrasa. Akifika mwisho hufanyiwa shughuli, wazee wakala pilau, kisha msahafu ukafungwa kitambaani na kuwekwa juu ya kabati. Hushushwa siku mwenye nyumba anapofariki, asomewe wakati ambapo hawezi tena kutenda hata herufi moja ya yale aliyokuwa na miaka 40 ya kuyatenda. (Mjadala wa hitma hatuufungui hapa.) Katika Surat Al-Furqan, aya ya 30, yamo mashitaka ya Mtume (s.a.w.) kwa Mola wake kuwa watu wake wameihama Qur'ani. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameeleza katika Al-Fawaid kuwa kuihama huko kuna namna tano, na mojawapo ni kuacha kuizingatia na kuitafuta maana yake. Soma tena, ndugu yangu: hakusema kuichoma wala kuikanusha. Kitambaa na kabati vinatosha.

Wala usiseme hujui Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Sahifa kule Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwafundisha watu dini yao kwa Kiswahili. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na leo tafsiri hupatikana hata ndani ya simu ile ile ambayo huiachii mkononi.

Lipo kundi lisilo na nafasi kwa kweli, nalo ni wake zetu, na haki lazima isemwe. Mwanamke ameamka kabla ya Alfajiri, amechota maji, amepika, amefua, amerudi sokoni, na Magharibi anakaanga samaki. Mumewe yuko barazani akilalamika kuwa wanawake hawahudhurii darsa. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Tunazipigania sunna za ndevu na za urefu wa kanzu, na ni sawa tuzipiganie. Hii ya jikoni ameifuta nani?

Na liko jambo ambalo wengi hawalitamki. Baadhi ya hao wanaosema "sina nafasi" wana nafasi tele, ila hawajui kusoma. Mtu ana miaka 50, ana duka, ana wajukuu, anaheshimika mtaani, na alifu hajui kuitofautisha na lamu. Ataketije darsani msahafu upitishwe mkono kwa mkono, umfikie? Ni wepesi kwake kuitwa mtu wa shughuli nyingi kuliko kuitwa mjinga. Wako walimu ambao wamelizidisha tatizo hili: mzee akigugumia wanatabasamu, na wanafunzi wadogo wanacheka. Mwalimu wa namna hiyo anaifukuza Qur'ani kwenye majumba ya watu kuliko mpira unavyoifukuza. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa anayeisoma kwa kugugumia, nayo ni nzito kwake, ana ujira mara mbili. Kwa hiyo mnayemcheka huenda amewazidi.

Kamati za misikiti zimepata fedha za marumaru, za mazulia na za vipaza sauti. Tunawataka jambo lisilo na gharama: kati ya Magharibi na Isha, muda unaozidi saa moja, taa isizimwe na mlango usifungwe. Wakae watu wazima peke yao, bila watoto, na mwalimu mpole, waanze na herufi. Anayejua herufi achukue aya kumi na maana yake, asizivuke mpaka azifahamu na kuzitenda, kama walivyokuwa wakifanya Sahaba. Misikiti mingi hufungwa saa hiyo kwa kuwaogopa wezi wa viatu. Anayeviogopea viatu vyake na aingie navyo, katika mfuko.

Wabillahi tawfiq.